Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mtoto anayesomea nyumbani naye ashikizwe shuleni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Dodoma.

Nakala: Ofisi ya Rais – TAMISEMI, Kamishna wa Elimu, Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, Wakurugenzi wa Halmashauri zote za Mkoa wa Mwanza.

Mheshimiwa Waziri, salaam kutoka Mwanza.

Naomba kitu kimoja tu, nacho ni kanuni ya kumtambua mtoto anayesomea nyumbani. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, haina kifungu kinachomtaja mtoto anayesomeshwa nyumbani na wazazi wake. Haimruhusu mzazi, haimkatazi kwa jina, haimwambii aende ofisi ipi wala ajaze fomu gani. Kifungu cha 35 kinasema mtoto aliyetimiza miaka 7 na hajafikisha 13 lazima aandikishwe kwa elimu ya msingi, akishaandikishwa ahudhurie mpaka amalize, na mzazi ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha hivyo. Basi. Aliye nje ya hapo anaitwa mtoro, na mzazi wake anasubiri wito wa mtendaji wa kata.

Sijaja kukipinga kifungu hicho. Huku kwetu tunajua vizuri kilikotoka. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma, kando ya ziwa letu hili hili, ikaazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe shuleni. Sheria hiyo ya Elimu, ya 1978, ikaja kulipa azimio hilo meno. Bila hayo meno, wengi tunaoandika barua kama hizi leo tusingejua kuandika, hasa sisi wanawake.

Na sababu za kukibakiza bado zipo, wala hatuhitaji kwenda mbali kuzitafuta. Ukiamka mapema kwenye mwalo wowote wa dagaa utakuta watoto wamechuchumaa mchangani wanaanika, saa ambayo wenzao wako mstarini shuleni. Mwenye kambi anayetegemea vidole vile atafurahi sana akisikia kwamba siku hizi mtoto anaweza "kusomea nyumbani". Atafurahi pia baba anayehesabu ng'ombe wa mahari ya binti wa miaka 14. Mwaka 2016 Bunge liliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi, na kinga hiyo inamfuata binti kwa sababu ni mwanafunzi, jina lake limo kwenye daftari la shule. Kwa hiyo ninaposema nataka kanuni, simaanishi ruhusa ya kumtoa mtoto kwenye macho ya Serikali. Namaanisha kinyume chake kabisa. Leo hii mtoto anayesomeshwa nyumbani hayumo kwenye daftari lolote, na hilo linapaswa kuwanyima usingizi ninyi kuliko sisi.

Nina duka la stesheneri Buzuruga. Kila Januari mzazi anakuja na karatasi kutoka shule, daftari kumi na mbili, rula, kalamu za risasi, mfagio, tunafungasha anaondoka. Hao ndio wengi. Lakini wapo wanaokuja mwezi wowote, wananunua seti nzima ya vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vya darasa la tatu, wanaulizia muhtasari wa masomo, wanaulizia kiongozi cha mwalimu, halafu wanasogea karibu na kaunta na kuuliza kwa sauti ya chini kama nina kitabu cha maandalio ya masomo. Wakati mwingine wanataka na azimio la kazi, yaani mpango wa ufundishaji, la mwaka mzima. Mwalimu wa shule huwa hanong'oni akiulizia azimio la kazi. Ukizoea biashara hii unawatambua. Mmoja mtoto wake ana usonji, na shule alizokwenda zilimzungusha hadi akachoka. Mwingine kazi yake inamhamisha kila baada ya muda mfupi, leo Geita, kesho Bukoba. Mwingine ni suala la imani. Mwingine haoni mtoto wake akijifunza chochote kwenye darasa ambalo mwalimu hawezi kupita kati ya madawati. Wanalipa, wanachukua risiti, wanaomba mfuko mweusi.

Mimi mwenyewe nina kijana mwenye selimundu. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye mzigo mkubwa. Nenda kliniki ya Hospitali ya Bugando uone benchi. Mtoto wa selimundu anatakiwa anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asichoke kupita kiasi. Sasa weka masharti hayo pembeni ya ratiba ya shule ya kawaida. Asubuhi na mapema kuna namba, kufagia kwenye umande. Kuna mchakamchaka. Maji ya kunywa ni yale aliyobeba mwenyewe, na akiyanywa kama daktari alivyosema ataomba ruhusa ya kwenda chooni kila baada ya muda, mpaka mwalimu aanze kumwona msumbufu. Simlaumu mwalimu, ana watoto wengi mbele yake. Maumivu yakija, yanakuja ya kulazwa. Akitoka wodini ana siku za kupumzika. Katika siku hizo mimi ndiye mwalimu, mezani nyumbani, Hisabati kabla ya saa nne maana baadaye anachoka, Kiswahili jioni. Na siku hizo zikijumlishwa ni nyingi kuliko anazokaa darasani.

Daftari la mahudhurio halina alama ya mtoto aliyekuwa nyumbani akijifunza kugawanya. Lina aliyekuwepo na asiyekuwepo. Siku moja nikaletewa wito wa ofisi ya kata, umeandikwa kwa mkono, sababu: utoro sugu. Nilikwenda na faili la hospitali. Ofisa aliyenipokea alilifunua faili ukurasa kwa ukurasa, akanipa pole ya dhati, kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike: "Mama, nakuelewa, ila mimi sina mahali pa kuliandika hili."

Tatizo lote ni hapo, Mheshimiwa. Mahali pa kuliandika hapapo.

Na palipokosekana njia, watu wametoboa uchochoro. Mfumo wetu wa mitihani unaanzia kwenye shule: mtoto anapewa namba ya PReM, yaani namba ya utambulisho wa mwanafunzi, na shule aliyoandikishwa, na bila namba hiyo hafanyi upimaji wa darasa la nne wala mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mtu mzima aliyeishia darasa la saba ana njia yake. Atafanya mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, kisha atasajiliwa na Baraza la Mitihani kufanya Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtoto wa miaka 10 hana njia ya namna hiyo. Kwa hiyo wazazi wenye uwezo wanatafuta shule binafsi inayokubali kupokea ada na kubaki na jina. Mtoto anaonekana siku ya upimaji, anaonekana siku ya mtihani, na katikati daftari linajazwa vyema. Wasio na uwezo huo hawana uchochoro, wana wito wa kata tu. Mdhibiti ubora wa shule akija anakagua vyema vya uongo. Nani amelindwa hapo? Mtoto hapana. Serikali nayo inasoma takwimu za mahudhurio zisizo na mwenyewe.

Dawa ya jambo hili mnayo tayari, tena mliibuni wenyewe. Mnazo shule shikizi. Mtaa au kitongoji kiko mbali, shule kamili haijafika, basi Serikali inakubali madarasa machache yaanze, yashikizwe kwenye shule mama iliyosajiliwa, mwalimu mkuu wa shule mama aziangalie pande zote mbili. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, mlijenga madarasa 3,000 kwenye shule za aina hiyo nchi nzima. Hakuna aliyesema madarasa yale ni utoro. Yalikuwa ni namna ya kukiri kwamba mtoto hawezi kutembea umbali ule, na wakati huohuo kumweka kwenye daftari. Naomba nyumba inayosomesha mtoto nayo ishikizwe hivyo hivyo: mtoto aandikishwe shule ya kata yake, apewe namba ya PReM kama wenzake, afanye mitihani hapo, na daftari liwe na alama yake maalumu inayosema anasomea nyumbani kwa kibali.

Nchi nyingine zimepita hapa zikaamua tofauti tofauti. Ujerumani wamekataa katakata; mtoto ni wa shuleni, na familia iliyokwenda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilishindwa mwaka 2019. Uingereza, sheria yao ya elimu ya 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, kwa kuhudhuria shule au kwa njia nyingine, na hilo "au" limebeba familia nyingi. Marekani kila jimbo na lake. Texas mzazi haombi kibali wala hatoi taarifa. New York anapeleka barua ya kusudio, mpango wa masomo wa kila mtoto, ripoti kila robo mwaka na tathmini mwisho wa mwaka. Ya Texas siyataki hapa kwetu, nimeshaeleza kwa nini. Afrika Kusini, tangu sheria yao ya shule ya 1996, mzazi anaomba mtoto asajiliwe kwa elimu ya nyumbani kwa mkuu wa idara ya elimu ya jimbo, na sheria waliyoisaini Septemba 2024 imeongeza kwamba mtoto apimwe na mtu mwenye sifa kila amalizapo hatua moja ya masomo.

Iliyonivutia zaidi ni Ufaransa, ambao walikuwa wanaruhusu kwa mzazi kutoa taarifa tu, halafu sheria ya Agosti 2021 ikabana: sasa ni kwa kibali, na sababu zinazokubalika ni nne. Afya au ulemavu wa mtoto. Michezo au sanaa anayoifanya kwa kiwango kikubwa. Familia inayohamahama au inayoishi mbali na shule yoyote. Na hali ya pekee ya mtoto inayoelezwa kwa mpango wa masomo ulioandikwa. Soma tena sababu ya kwanza na ya tatu, Mheshimiwa, halafu simama Kirumba mwaloni uangalie boti zinazokwenda visiwani. Mtu angedhani waliandika wakiwa hapa.

Hapo kwenye visiwa niseme jambo, ili ombi langu lisitumiwe vibaya. Mtoto wa kambi ya uvuvi, ambaye familia yake iko Kome giza hili (siku zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa) na giza lijalo iko Ukara kwa sababu dagaa wamehama, hahitaji kuambiwa mama yake amfundishe. Mama yake analala saa chache na huenda shule aliiacha darasa la nne. Yule anahitaji shule shikizi kambini, anahitaji MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, inayofanya kazi kweli, anahitaji namba ya PReM inayopokelewa kwenye kisiwa kinachofuata bila mzazi kudaiwa barua ya uhamisho ambayo aliyetakiwa kuiandika yuko ng'ambo ya maji. Kanuni za elimu ya nyumbani zisije zikawa kisingizio cha kutojenga. Nitakuwa wa kwanza kulalamika.

Nimeshasikia majibu ya haraka. La kwanza ni kwamba haya ni mambo ya wazungu. Wapo kweli wageni jijini wanaosomesha watoto wao nyumbani kwa mitaala ya kwao, na sijasikia mtendaji akiwapelekea wito. Lakini kusomesha nje ya shule hapa ziwani si kitu kigeni hata kidogo. Kuanzia 1968 mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa ulikuwa na makao yake hapa Mwanza, ukahudumia mikoa ya ziwa, vitabu vyake vikifundisha kusoma kupitia pamba, migomba na uvuvi. Mwalimu Nyerere aliitaja Ukerewe miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga ifikapo mwisho wa 1971, na watu walisomea popote palipokuwa na kivuli. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya 1975, imesomesha watu kwa njia ya posta miaka na miaka. Ofisi za umma zilijaa maofisa waliopata Kidato cha Nne kwa bahasha. Na Machi 17, 2020, mlipofunga shule kwa ajili ya korona, mlituambia wenyewe watoto wasomee nyumbani, TBC ikarusha vipindi, hadi Juni 29. Kama nyumba ilifaa kwa taifa zima kwa miezi ile, inaweza kufaa kwa mtoto mmoja mwenye cheti cha daktari.

Jibu la pili lina uzito zaidi: mzazi si mwalimu. Kweli. Tangu 2018 tuna sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, na ualimu ni taaluma inayostahili kuheshimiwa. Mimi sidai kuwa mwalimu. Nadai kupimwa. Mwanangu afanye upimaji ule ule wa darasa la nne, kwenye chumba kile kile, karatasi ile ile. Akifeli, kibali kiangaliwe upya, na sitabishana. Na mzazi aliyeishia darasa la saba asizuiwe moja kwa moja, bali aonyeshe nani atamsaidia. Walimu wastaafu wapo kila mtaa, na wengi wangefurahi kuitwa. Kuhusu wenzake wa kucheza nao, ambalo kila mtu hunitajia, shule mama ina michezo ya alasiri. Mtoto aende.

Ninachoomba kiingie kwenye kanuni hakihitaji bajeti kubwa. Mzazi aandike kwa Afisa Elimu Msingi wa Halmashauri kupitia kwa mwalimu mkuu, aeleze sababu, aambatishe masomo atakayofundisha kwa muhtasari wa TET au mtaala mwingine unaotambulika. Ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, na akikataliwa aelezwe sababu na aonyeshwe pa kukata rufaa. Pasiwe na ada. Ikiwekwa ada, rushwa nayo itavuta kiti. Mdhibiti ubora afike nyumbani, akiwa na Afisa Ustawi wa Jamii, na huyu wa pili ndiye ninayemtaka zaidi, kwa sababu yeye ataona kama mtoto anasoma au anaanika dagaa, kama binti yupo au ameshaposwa. Mtoto naye aulizwe faragha, bila mzazi pembeni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kutoa maoni, na mtoto wa miaka 9 anajua kama anafundishwa au anatumikishwa. Kibali kidumu mwaka mmoja, kihuishwe kwa kuonyesha madaftari. Na siku mtoto akitaka kurudi darasani, arudi kesho yake, bila kudaiwa chochote na bila kurudishwa nyuma darasa kama mitihani yake inamruhusu.

Kuna nafasi sasa hivi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 1, 2025, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka 7 hadi 13 haiwezi kuibeba sera hiyo bila kuguswa. Na ukitazama vizuri, miaka ya lazima ikiongezeka, na idadi ya watoto watakaoitwa watoro huku wakiwa kitandani itaongezeka. Wanasheria wa Wizara wakiwa tayari wamefungua kifungu cha 35, waongeze aya mbili.

Kama hilo litachukua muda wa vikao, Kamishna wa Elimu anaweza kuanza kwa waraka, hata wa ukurasa mmoja, unaoelekeza kwamba mtoto mwenye barua ya hospitali inayoeleza ugonjwa wa kudumu asiandikwe mtoro, na mzazi wake asipelekewe wito kabla mwalimu mkuu hajamwita wakazungumza. Mihula haisubiri. Naomba waraka huo ufike kwenye ofisi za kata kabla ya shule kufunguliwa Januari, na nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za shule, maana wazazi wengi hatuna namna nyingine ya kujua kilichoamuliwa Dodoma.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu,
Buzuruga, Mwanza.